Maelezo yanasema sekunde, programu inahesabu milisekunde

Maswali ya wasomaji kuhusu uandishi wa programu, na majibu ya Fundi

Shikamoo Fundi. Nipo Tanga, kwenye ofisi ndogo inayotengeneza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo. Tunatumia maktaba moja ya Python ya chanzo huria (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) kuwasiliana na seva iliyoko Ulaya. Ukurasa wake wa maelezo unasema kigezo cha `timeout` ni "sekunde za kusubiri jibu, usipoweka, ni 30". Nikaweka 60 ili nipate nafasi. Tangu siku ile kila ombi linakatika. Nikiondoa kigezo kabisa, mambo yanakaa sawa. Nimefungua msimbo nikakuta wanahesabu milisekunde (elfu moja ndiyo sekunde moja), na thamani ya msingi ni 30000. Nataka kuwaandikia warekebishe ukurasa, ila mwenzangu ananicheka, eti wale ni wataalamu wakubwa na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Mwenzako mwache acheke. Wewe umefungua msimbo ukasoma, na hilo ndilo wengi hawalifanyi. Wanalalamika kwenye kundi la WhatsApp, wanaweka namba nyingine wakibahatisha, maisha yanaendelea na ukurasa unabaki vilevile.

Kwanza elewa kosa kama hili linavyoweza kukaa muda mrefu bila mtu kuliona. Anayeacha kigezo kama kilivyo anapata 30000, yaani sekunde 30 kamili, na maelezo yanasema 30. Kwake kila kitu ni kweli. Anayeumia ni yule anayeweka namba yake mwenyewe. Ukiweka 60 umeomba milisekunde 60, na safari ya data kutoka Tanga hadi Ulaya na kurudi hupita 100 kabla seva haijafikiri lolote. Wengi wakifika hapo wanalaumu mtandao, na huku kwetu mtandao ni mshtakiwa asiyekosa mashahidi. Mtu aliyekaa jengo moja na seva yake anaweza kuweka 60 na kupata majibu kila mara, asijue kamwe kwamba anacheza na milisekunde.

Kuchanganya vizio hivi ni rahisi mno. `time.sleep` ya Python inataka sekunde. `setTimeout` ya JavaScript inataka milisekunde, na `Thread.sleep` ya Java vilevile. Mtu anayeshinda na lugha mbili kwa siku moja ataandika sentensi moja ya maelezo huku kichwa kikiwa kwenye lugha nyingine.

Kabla hujaandika neno, hakikisha ukurasa uliousoma ni wa toleo ulilonalo. Andika `pip show` na jina la maktaba, utazame namba ya toleo, halafu utazame ukurasa wenyewe umeandikiwa toleo lipi. Tovuti ya maelezo ya Python ina orodha ya kuchagua toleo pale juu, na maktaba nyingi zimeiga. Injini za utafutaji zina tabia ya kukupeleka kwenye ukurasa wa miaka iliyopita, kwa hiyo malalamiko mengi ya "maelezo yamekosea" ni ya mtu anayesoma toleo la 1 na kuendesha toleo la 3. Kisha chukua tawi kuu la msimbo, yaani ule wanaoendelea kuuandika, sio toleo ulilosakinisha, ujaribu tena. Huenda wameshalirekebisha na toleo jipya halijatoka.

Baada ya hapo tumia `git blame` kwenye mstari unaopokea hicho kigezo. Utaona nani aliuandika na lini, na muhimu zaidi, ujumbe alioacha. Ukikuta ujumbe unaosema kizio kimebadilishwa kuwa milisekunde na sentensi ya maelezo ni ya zamani kuliko huo mstari, kesi yako imekwisha. Soma na majaribio ya maktaba: kama jaribio linapitisha 5000 na kutarajia kusubiri sekunde tano, wenye maktaba wenyewe wametoa ushahidi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuniuliza, nalo ndilo zito kuliko yote. Wewe umeshaamua kwamba ukurasa ndio uliokosea. Kwa nini usiwe msimbo?

Maelezo rejea ni ahadi. Fanksheni ikifanya jambo lisiloandikwa, hilo ni tabia tu, na tabia inaweza kubadilika kesho bila mtu kuombwa radhi. Likishaandikwa, watu wanajenga juu yake. Kwa hiyo kubadilisha neno moja, sekunde kuwa milisekunde, ni kubadilisha alichoahidiwa kila mtumiaji. Mara nyingi ni sawa kabisa kufanya hivyo. Mara nyingine wenye maktaba watakujibu kwamba walikusudia sekunde tangu mwanzo, na msimbo ndio utakaorekebishwa.

Kamusi za Python, zile za `dict`, ni mfano mzuri wa maelezo kuufuata msimbo. Toleo la 3.6 lilipotoka Desemba 2016, CPython, yaani Python ya kawaida ambayo wengi wetu tunaitumia, ilianza kutunza mpangilio wa vitu kama ulivyoviingiza. Maelezo yakatahadharisha kwamba huo ni utekelezaji tu, usiutegemee. Watu wakautegemea, kama kawaida ya watu. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2017, Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, akaamua kwamba mpangilio huo uwe sehemu ya lugha yenyewe kuanzia 3.7, iliyotoka Juni 2018. Msimbo haukuhitaji kazi kubwa. Sentensi kwenye ukurasa ndiyo iliyobadilika, na tangu hapo kila anayetengeneza Python ya aina nyingine analazimika kuitimiza.

Kisa cha `memcpy` kilikwenda kinyume. Maelezo ya fanksheni hiyo ya lugha ya C yalisema tangu zamani kwamba eneo unalonakili na eneo unalonakilia lazima yasiingiliane. Yakiingiliana, tumia `memmove`. Kwa miaka mingi aliyekiuka hilo mara nyingi hakudhurika, kwa sababu nakala ilikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2010 glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Linux, ikaongezewa njia ya haraka zaidi, ambayo kwenye baadhi ya vichakataji vya Intel ilinakili kutoka nyuma. Watumiaji wa Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, wakaanza kusikia sauti za video za Flash zikikwaruza. Maelezo yalikuwa sahihi, programu ya Flash ndiyo iliyovunja sharti, lakini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akasimama upande wa watumiaji: mtu wa kawaida hajali ukurasa ulisema nini, anajali kwamba jana sauti ilikuwa safi. Mwishowe glibc 2.14 ya mwaka 2011 iliziacha programu zilizokwisha kuundwa zipate tabia salama ya zamani, na zile mpya zikapewa `memcpy` ya haraka. Hakuna aliyegusa sentensi ya maelezo.

Kwa hiyo usiende kwao na hukumu mkononi. Nenda na ushahidi na swali: hivi vitu viwili havilingani, mlikusudia kipi?

Ukishajibiwa kwamba ni ukurasa, tafuta sentensi inaishi wapi. Ukurasa unaouona kwenye kivinjari karibu kila mara umezalishwa na chombo, na kurekebisha HTML ni kazi bure kwa sababu itaandikwa upya kesho. Maktaba nyingi za Python huweka maelezo ndani ya msimbo, chini ya jina la fanksheni, na chombo kiitwacho Sphinx huyavuta hadi kwenye tovuti. NumPy, maktaba ya hesabu, ina faili lake linaloitwa `_add_newdocs.py` kwa ajili ya maelezo ya vitu vilivyoandikwa kwa C, na mgeni anaweza kuzunguka nusu siku kabla ya kulikuta. Django, maktaba ya kujengea tovuti, wana folda nzima ya `docs`. Python yenyewe ina folda ya `Doc` yenye faili za `.rst`, na hapo kuna mtego: maelezo yanayotoka unapoandika `help()` kwenye dirisha la Python hayatoki kwenye faili hizo, yanatoka kwenye msimbo. Unaweza kurekebisha tovuti na ukaacha kosa lilelile kwenye `help()`. Tafuta kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, kila mahali sentensi ilipo kabla hujagusa.

Halafu rekebisha sentensi hiyo tu. Usinyooshe aya nzima, usibadilishe nafasi za mistari, wala usirekebishe koma tatu ulizoziona njiani. Msimamizi anayesoma kazi yako jioni, watoto wakiwa wanapiga kelele sebuleni, anataka kuona mstari mmoja mwekundu ulioondolewa na mmoja wa kijani ulioongezwa. Akiona mistari 40 ataahirisha hadi mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki una mambo yake.

Nakuandikia hapa yale ambayo ningeyaweka kwenye tiketi, yaani taarifa ya kosa kwa wenye maktaba; wewe utayageuza kwa Kiingereza chako hichohicho cha kuombea maji, sentensi fupifupi:

*Kichwa: Maelezo ya timeout yanasema sekunde, msimbo unatumia milisekunde.*

*Toleo nililonalo ni hili. Nimejaribu pia tawi kuu. Ukurasa huu unasema sekunde, thamani ya msingi 30. Faili hili, mstari huu, thamani ya msingi ni 30000. Nikiweka timeout=60, ombi linakatika chini ya sekunde moja. Mistari minne ya msimbo wa kuonyesha hiyo hapa. Je, niandike marekebisho ya maelezo, au mlikusudia sekunde?*

Basi. Hakuna "naomba samahani kwa kuwasumbua", hakuna historia ya ofisi yenu. Mistari minne inayoendeshwa haina lafudhi, na wengi watakaokusoma Kiingereza si lugha yao ya mama pia.

Nasema hivi nikiwa upande wa pili wa meza. Nasimamia maktaba ndogo inayogeuza saa za kompyuta kuwa saa zetu: unaipa 07:00 inakurudishia saa moja asubuhi, unaipa 19:30 inakupa saa moja na nusu usiku. Siku moja mgeni kutoka mbali alileta ombi la kuunganisha (pull request, mabadiliko anayoomba yaingizwe), amesahihisha mifano yote ya maelezo: 07:00 ameiandika saa saba, 19:30 saa kumi na tisa na nusu. Kazi safi, imepangwa vizuri, na yote si sahihi. Hakuwa ameiendesha maktaba hata mara moja; angeiendesha, ingemwambia. Ombi sikuliunganisha. Lakini ukurasa wangu ulikuwa umeanza na mifano bila kueleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama, kana kwamba kila anayesoma amezaliwa Pangani. Nikaongeza aya ya utangulizi, na jina la yule mgeni nikaliweka kwenye orodha ya waliochangia. Kuna mengine magumu ambayo bado tunabishana humo, kama vile usiku wa kuamkia Jumanne uhesabiwe ni wa siku gani, lakini hayo yana wazee wake.

Kuhusu kusubiri: maktaba ya mtu mmoja inaweza kukujibu leo jioni au baada ya miezi. Kumbusha mara moja kwa adabu, kisha endelea na kazi zako. Baadhi ya miradi mikubwa, CPython ikiwemo, itakuomba kwanza ukubali mkataba wa wachangiaji. Ni jambo la kubofya, unalifanya mara moja tu. Wakati unasubiri, kwenye msimbo wa ofisini kwenu weka 60000 na maoni pembeni yanayoeleza kwa nini. Atakayekurithi kiti asije akadhani ulilewa.

Fundi, habari za kazi. Nadhani nimepata kosa kwenye Python yenyewe. Nina orodha ya simu za shule za Dar es Salaam na Zanzibar, zote zinaanza na 255, nataka kuiondoa. Natumia `lstrip('255')`. Namba za mkononi zinatoka sawa, za mezani zinakatwa vibaya. Maelezo yanasema inaondoa herufi za mwanzo nilizotaja. Niwaandikie? (Mwalimu, Dar es Salaam)

Njema, Mwalimu. Usiwaandikie bado. Maelezo yanasema kweli, na ukiyasoma hadi mwisho utakuta sentensi inayokuhusu: unachokipa `lstrip` si kiambishi cha mwanzo, ni kundi la herufi, na itaendelea kula upande wa kushoto mradi tu inakutana na yoyote kati yake. Ulipoandika '255' umeiambia: kula kila 2 na kila 5.

Namba ya mkononi baada ya 255 inakuja 6 au 7, kwa hiyo inasimama mahali pake, na wewe ukaridhika. Ya mezani ya Dar inakuja 22 na 2 nyingine, zote zinaliwa, na kama inayofuata ni 5 nayo inakwenda. Ya Zanzibar inaanza na 24; 2 inaliwa, 4 inazuia, unabaki na namba inayoanza na 4. Hapo ndipo ulipoona mbona haieleweki.

Unachokitaka ni `removeprefix('255')`, kipo tangu Python 3.9 ya Oktoba 2020. Nacho kina historia inayokuhusu. Watu walikuwa wakiikosea `lstrip` kama wewe kwa miaka na miaka, wakifungua tiketi za kosa ambalo halikuwa kosa. Maelezo yaliongezewa onyo. Watu wakaendelea. Mwishowe PEP 616, pendekezo rasmi la kubadilisha Python, likasema, kwa lugha yangu, kwamba mkanganyiko unaojirudia hivyo ni ushahidi kwamba watu wanakihitaji kitu wanachokitafuta. Leo ukurasa wa `lstrip` unakuelekeza huko na mfano: `'Arthur: three!'.lstrip('Arthur: ')` inarudisha `'ee!'`, kwa sababu t, h na r za "three" nazo zimo kwenye kundi. Mfano mmoja wa kuchekesha unafundisha kuliko aya mbili za tahadhari.

Lakini andika `help(str.lstrip)` uone ulivyo ufupi wake. Inasema tu kwamba ukitoa herufi, zitaondolewa hizo badala ya nafasi tupu. Si uongo, ila mtu mwenye orodha ya simu mkononi hawezi kuokoka hapo. Ukitaka kuchangia, hapo pana nafasi ya kupendekeza neno moja au mawili. Jiandae kusikia kwamba maelezo ya pale hufanywa mafupi kwa makusudi.

Na kabla ya kuwapigia walimu wakuu, pitia upya orodha yote kutoka faili la asili. Zile zilizokatwa huwezi kuzirudisha kwa kukisia.

Sasa Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo Eldoret. Nimeambiwa ukirekebisha makosa madogo ya tahajia kwenye maelezo ya maktaba kubwa, vijisanduku vyako vya kijani kwenye GitHub, vile vinavyoonyesha umechangia siku gani, vinajaa na waajiri wanavutiwa. Nirekebishe koma ngapi kwa wiki? (Mwanafunzi, Eldoret)

Sasa, ndugu mdogo. Koma ya kweli iliyokosewa ni halali yako. Donald Knuth, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya sayansi ya kompyuta, alikuwa akimtumia hundi ya dola 2.56 yeyote anayeonyesha kosa kwenye vitabu vyake, liwe la hesabu au la tahajia, na wengi waliozipata waliziweka kwenye fremu badala ya kwenda nazo benki.

Ulichoambiwa wewe ni jambo lingine, na lilishajaribiwa. Oktoba 2020, kwenye shughuli ya Hacktoberfest ya kampuni ya DigitalOcean, washiriki waliahidiwa fulana wakileta maombi manne ya kuunganisha. Wasimamizi wakaamka na mafuriko: mtu ameongeza neno "amazing" mbele ya jina la mradi, mwingine ameongeza nafasi tupu mwisho wa mstari. Ndani ya siku chache waandaaji wakabadilisha kanuni, ikawa mradi usiojiandikisha hauhesabiwi. Baadhi ya wasimamizi tangu wakati huo wakiona ombi la koma moja kutoka kwa akaunti ngeni wanalifunga bila kusoma, na hiyo ndiyo hali unayoikuta wewe leo.

Chagua maktaba moja unayoitumia kwenye mradi wako wa chuo. Chukua mifano yote ya msimbo iliyo kwenye sura moja ya maelezo, uiendeshe mmoja mmoja kwenye toleo la sasa. Python ina `doctest` ya kazi hiyohiyo tangu 2001: inasoma mifano iliyo ndani ya maelezo, inaiendesha, inakuambia upi umetoa jibu tofauti na lililoandikwa. Utakaokataa kuendeshwa, andika tiketi kama ile niliyomwandikia wa Tanga hapo juu. Na usimwachie roboti akuandikie. Wasimamizi wanapokea nyingi za namna hiyo siku hizi, zenye Kiingereza kizuri na namba za mistari ambayo haipo.